Kutoka Sauti ya Dar es Salaam hadi TBC Taifa: vipindi vilibadilika lini hasa?

Mwanahistoria Chipukizi

Ndugu wanajukwaa, ninaandika makala kuhusu redio yetu ya taifa, ambayo leo inaitwa TBC Taifa. Ninafahamu kwamba Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikifika mjini na maeneo ya jirani tu, kwamba mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na kwamba mwaka 1965 shirika hilo lilivunjwa, redio ikawa idara ya Serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Hayo ni mabadiliko ya majina na ya wenye mamlaka. Naomba kujua ni wakati gani vipindi vyenyewe vilibadilika kiasi kwamba msikilizaji wa kawaida angetambua.

Msikilizaji wa Morogoro

Kwa maoni yangu ni miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya Ujamaa. Kabla ya hapo redio iliarifu na kuburudisha. Baada ya hapo ikawa darasa. Mfano mkubwa ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio vijijini. Kikundi kilikusanyika, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu kilichoambatana nacho, kisha kikajadili kitakachofanyika kijijini kwao: kuchimba vyoo, kufyeka majani yaliyozunguka nyumba, kuchemsha maji ya kunywa. Redio iliyomtoa msikilizaji kwenye kiti chake na kumshikisha jembe ilikuwa imebadilika kweli. Wakati huohuo Idhaa ya Nje ya RTD, iliyotangaza kwa wasikilizaji wa nchi nyingine, ilizipa nafasi harakati za ukombozi za kusini mwa Afrika, zikiwemo ANC, FRELIMO na SWAPO, ingawa hilo wengi wetu hatukulisikia kwa sababu halikulengwa kwetu.

Fundi Mitambo Mstaafu

Mchango wa ndugu wa Morogoro ni mzuri, lakini umeruka muziki, na bila muziki historia ya RTD haielezeki. Kwa kuwa studio za kurekodia nchini zilikuwa haba mno, na kiwanda cha santuri hakikuwepo, redio yenyewe ndiyo ikawa mrekodi mkuu wa bendi zetu. NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na baadaye Mlimani Park, zote zilipitia studio za Barabara ya Pugu. Mashairi yalikaguliwa kwanza, kisha vyombo vikapangwa kuzunguka maikrofoni chache na wimbo ukarekodiwa wote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo mpiga tarumbeta aliyeteleza kwenye ubeti wa mwisho aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Mpangilio wa vipindi ulijengwa juu ya kanda hizo, na ndiyo maana RTD ya miaka ya 1970 ilisikika kwa namna ambayo redio inayonunua santuri za nje isingeweza kusikika. Wanamuziki walipata umaarufu mkubwa. Malipo ni habari nyingine.

Binti wa Tanga

Shikamooni wazee. Pamoja na heshima zote, mimi nasema ni mwaka 1994. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio za watu binafsi, Radio One ikaingia hewani mwaka uliofuata, na kwa mara ya kwanza msikilizaji wa Dar es Salaam akawa na sababu ya kuzungusha kitufe. Vijana walihamia kwenye watangazaji waliozungumza kama wao na kupiga nyimbo zao. RTD ilibaki na taarifa ya habari, na matangazo ya vifo yaliyosomwa kwa mpangilio uleule: jina la marehemu, msiba uko wapi, kisha orodha ya ndugu wa kujulishwa popote walipo. Watu wa mikoani waliendelea kuyategemea hadi simu za mkononi zilipoenea.

Mwanahistoria Chipukizi

Nashukuru sana. Nitaigawa makala kwa kufuata nani aliyeamua kinachosikika: kwanza mkoloni, kisha Serikali na chama, na baada ya mwaka 1994 msikilizaji mwenye kitufe mkononi. Mzee Fundi, naomba unieleze zaidi kuhusu ukaguzi wa mashairi: je, bendi iliyokataliwa wimbo iliruhusiwa kuurekebisha na kurudi nao?

Fundi Mitambo Mstaafu

Iliruhusiwa. Mara nyingi ilitosha kubadilisha mstari mmoja au miwili.