Subaru Impreza STI: oili ya injini nimwage kila baada ya kilomita ngapi?

Kijana wa Sinza
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa haraka kwa wanaojua magari ya mwendo. Nina Impreza STI ya 2004, bluu, turbo, imetoka Japani. Kijitabu chake ni Kijapani kitupu. Oili ya injini inamwagwa kila baada ya kilomita ngapi, na namna sahihi ya kumwaga mwenyewe nyumbani ni ipi? Nataka nifanye wikiendi hii. Na kama kuna oili inayofanya injini itulie, nitajieni. Asanteni.

Bwana Pilau
Mwenye STI anaulizia oili, sisi wenye bajaji tuulizie nini? Hongera mkuu. Tupia picha.

Fundi Mwereu
Turbo ya umri huo usisikilize stori za kilomita elfu kumi. Kwa Dar hii ya foleni, joto na safari fupifupi, mwaga kila kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia. Ukiwa mtu wa kulibinya, shuka hadi 3,000. Oili hiyohiyo inayolainisha injini ndiyo inayopita kwenye shafti ya turbo, na hiyo shafti inaweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika huku imekaa jirani na moto wa ekzosi. Oili inaungua humo, inaacha masizi magumu, masizi yanaziba vijia vyembamba. Ndiyo maana pia ukitoka kukimbiza gari usizime papo hapo. Endesha polepole dakika chache za mwisho.

Aina: sintetiki 5W-30, au 5W-40 kama injini imechoka. Namba ya nyuma ndiyo uzito oili ikishapata moto wa digrii 100. Ile yenye W ni ya baridi, na baridi ya Dar unaijua.

Kumwaga: washa dakika tano ipate uvuguvugu, zima. Piga jeki, weka stendi. Usiingie uvunguni gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake, watu wamekufa hivyo. Nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni spana 17. Acha ichuruzike mpaka yabaki matone, rudisha nati pamoja na wosha yake (ile pete ya chini ya nati) ikiwa mpya. Filta iko chini, jirani na mabomba ya ekzosi, itakuunguza mkono ukiwa na haraka. Ikitoka, hakikisha mpira wake wa zamani haujabaki umeganda kwenye injini, ukifunga mpya juu yake oili yote itamwagika barabarani. Mpira mpya upake oili, kaza kwa mkono, ukigusa ongeza kama robo tatu ya mzunguko. Spana hapo ya nini?

Jaza lita nne kwanza. Washa dakika moja, zima, subiri kama dakika kumi, pima kwa kijiti cha oili, ongeza kidogokidogo mpaka alama ya F (imejaa). Boksa, yaani injini hii ya Subaru, ni injini iliyolala, oili ikipanda kwenye vichwa inachelewa kurudi chini. Ukipima haraka kijiti kitakudanganya.

Mama Junior
Msiwaamini mafundi jamani. Siku moja niliondoka gereji kununua maji, kurudi nakuta kijana ameiosha filta yangu ya zamani kwa petroli, inang'aa mpaka unaona sura yako, yuko mbioni kuirudisha. Ile mpya niliyonunua Kariakoo ameshaificha kwenye ndoo ya matambara. Tangu hapo naandika tarehe kwa makapeni juu ya filta kabla sijampa mtu. Na nakaa palepale kwenye kiti cha plastiki mpaka nati ifungwe.

Fundi Mwereu
Si wote mama.

Mama Junior
Wote.

Kisiki cha Mpingo
Baba yangu alikuwa na Peugeot 504, Dar hadi Mbeya, oili ya SAE 40 iliyonunuliwa popote, na ile injini iliona wajukuu. Shida ya siku hizi siyo oili. Shida ni vijana kununua gari la mashindano kwa ajili ya kwenda kula chipsi. Mwendo wa gari hilo Tanzania unautumia wapi? Tochi za trafiki za kupima mwendo kila kona.

Bwana Pilau
Mzee anaumia kimyakimya 😂

Fundi Mwereu
Mleta uzi, "injini itulie" maana yake nini? Inapiga kelele? Oili ya mwisho ilimwagwa lini?

Kijana wa Sinza
Hamna kelele ya kutisha mkuu. Kuna kamlio ikishapata moto. Oili ya mwisho sina uhakika, hakuna kadi iliyofungwa kwenye injini. Mimi nilitaka tu kujua kilomita.

Fundi Mwereu
Kilomita nimeshakwambia. Kamlio ka namna gani? Na taa nyekundu ya oili imewahi kuwaka? Jibu vizuri, hapo ndipo penye ushauri.

Kijana wa Sinza
Sawa, ngoja niseme yote. Jumapili tulikwenda Morogoro. Pale Mikese nilikuwa kwenye D, mwendo kidogo, nikaingia kona taa ya oili ikawaka ikazima. Nikajua ni waya. Ikawaka tena nilipopiga breki. Kufika Morogoro nikapima, kijiti kikatoka kikavu. Nikaongeza oili ya kituoni, nikarudi nayo Dar polepole. Tangu hapo ikiwa ya moto inagonga, ko ko ko, hasa ukikanyaga halafu ukaachia.

Na jambo jingine, gari ni la shemeji yangu, yuko Muscat kikazi. Aliniachia nilitunze, niwe naliwasha mara mojamoja betri isife. Anarudi mwisho wa mwezi. Kuna fundi amesema tutie 20W-50 na kopo moja la dawa ya injini, kelele inakwisha. Vitu nimeshanunua na advansi nimempa, Jumamosi ndiyo kazi. Kwa hiyo msinirudishe nyuma, nielekezeni tu namna ya kutia vizuri.

Bwana Pilau
Kuliwasha mara mojamoja mpaka Morogoro! Betri sasa hivi imejaa kweli.

Kibajaji
Gari la mtu ni amana ndugu yangu. Umelitumia bila ruhusa, umeliharibu, na sasa unataka kulipaka rangi ya kimya umrudishie. Hiyo dhambi haina 5W wala 20W.

Kijana wa Sinza
Ruhusa nilikuwa nayo. Alisema nikipata dharura nilitumie. Kulikuwa na harusi.

Mama Junior
Harusi ni dharura kwa bibi harusi tu.

Kijana wa Sinza
Na suala la oili nzito nimesoma, inapandisha presha, na presha ndiyo inayolinda injini. Naona mnanihukumu tu hapa wakati fundi ameligusa gari kwa mikono yake.

Fundi Mwereu
Fundi wako hakukudanganya kwamba kelele itapungua. Itapungua kweli. Oili nzito inajaza nafasi iliyoliwa, inaziba mlio, basi. Kilicholiwa hakirudi. Boksa ikipungukiwa oili, ukikata kona au ukifunga breki oili iliyobaki inakimbilia pembeni, kinywa cha pampu kinanyonya hewa. Sekunde chache za hewa zinatosha kuchuna beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, shafti kuu ya injini. Unavyoeleza mlio wako, ndiyo hizo beringi. Siku 20W-50 yako ikiwa imepoa asubuhi ukakanyaga, turbo itasubiri oili ije, na konrodi ikikatika itatoboa bloku utazame barabara kupitia injini.

Usiliwashe tena kulisogeza. Jumamosi badala ya kutia dawa fanya hivi: mwaga oili kwenye beseni safi jeupe. Filta ikate kwa msumeno wa chuma taratibu, chembe za msumeno zisiingie ndani. Toa ile karatasi ya mikunjo, ikamue oili, itandaze juani, igeuzegeuze. Ukiona vumbi linalong'aa, pitisha sumaku. Chuma kitarukia sumaku. Kisichoruka ndicho cha kuogopa, beringi haishikwi na sumaku.

NairobiBoxer
Niaje majirani. Huku kwetu ugonjwa huu tunaujua sana. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, Richard Burns akarudia 2000, na tangu hapo kila kijana Nairobi anataka ya bluu yenye rimu za dhahabu. Wananunua ekzosi ya kelele kabla ya kununua oili. Sheria yangu ni rahisi: kila nikisimama kujaza petroli navuta kijiti. Hizi turbo zikizeeka hunywa oili, si lazima uone moshi wala tone sakafuni. Kati ya alama ya L (chini) na F ya kijiti kuna kama lita moja, kwa hivyo ukikuta kijiti kikavu ujue umeendesha kwa deni. Pole boss.

Chuma Chakavu
Wakuu mnachoshwa bure. Hii ni chai. Rudini juu msome: "nilikuwa kwenye D". STI ya 2004 ina D? Chesisi ya STI ya miaka hiyo ni GDB, gia sita za mkono, otomatiki haikuwahi kutoka. Jamaa hana gari, hana shemeji, Muscat anaiona kwenye ramani. Anatafuta watu wa kuchangamsha uzi.

Bwana Pilau
Duh. Chai na mimi nimeshainywa na kitumbua.

Kibajaji
Nilishangaa mapema. Mtu mwenye matatizo haandiki vizuri hivi.

Kisiki cha Mpingo
Hata hiyo harusi haina jina la bwana harusi.

Kijana wa Sinza
Jamani gari lipo uani kwetu, limefunikwa turubai! Lina P, R, N, D kama magari yote. Na nyuma limeandikwa STI, na kwenye usukani STI. Kwa nini nitunge kitu cha kunidhalilisha?

Chuma Chakavu
Fungua boneti. Manifoldi ya juu, ile ya kuingizia hewa, ni nyekundu? Breki za mbele zimeandikwa Brembo kwa rangi ya dhahabu? Kibao cha chesisi kinaanza na herufi gani?

Kijana wa Sinza
Nimetoka na tochi. Manifoldi ni ya fedha. Breki hazijaandikwa kitu. Kibao kinasema GDA.

Chuma Chakavu
Basi naondoa neno chai. Hiyo ni WRX, Impreza ya turbo iliyo chini ya STI, nembo za STI zinauzwa hata kwenye meza za barabarani. Gari zuri lakini siyo lile. Injini ni EJ205, oili ni ileile aliyosema Mwereu.

Mama Junior
Shemeji alilinunua kama nini?

Kijana wa Sinza
Kama STI. Kwa bei ya STI. Alilikuta kwa mtu tayari lina namba za hapa. Sasa na hili nalo nimwambie mimi?

Bwana Pilau
Anza na hili. Akishalia kidogo umwambie la Mikese.

Kibajaji
Dada yako anajua?

Kijana wa Sinza
Dada ndiye aliyekaa kiti cha mbele. Ndiye aliyekuwa anasema tuwahi ukumbini.

Mama Junior
Ala! Sasa uzi umeanza.

Kijana wa Sinza
Wakuu, mrejesho. Filta nimeikata leo asubuhi. Kwenye mikunjo kuna vumbi linang'aa, ukiligusa linabaki kwenye kidole. Sumaku ya spika nimeipitisha, hakuna kilichoruka. Fundi wa advansi anasema ni kawaida kwa gari la zamani, tutie tu ya kwetu.

Fundi Mwereu
Siyo kawaida. Advansi mwachie Mungu, usimdai. Ita brekidauni ya kubeba, si ya kuburuta, hiyo ni ya kuvuta miguu minne, ukiiburuta magurudumu mawili yakiwa chini utaua na gia boksi. Injini ishuke, sampu ifunguliwe, kranki ipimwe. Kama kranki imechunika kidogo itasuguliwa na kuwekewa beringi za saizi ya juu. Kama imeliwa, tafuta injini nyingine ya EJ205. Pampu ya oili na kipoza oili visirudishwe bila kuoshwa, chembe zinajificha humo. Na shemeji mpigie kabla injini haijashuka, siyo baada. Gari lake, uamuzi wake.

Kijana wa Sinza
Dada amesema atampigia yeye.

Chuma Chakavu
Kidumu cha 20W-50 bado hujakifungua? Nina Land Rover 109 inayokunywa hiyo hiyo.

Kijana wa Sinza
Bado kina lakiri. Njoo inboksi, na kopo la dawa nakuongezea.

Chuma Chakavu
Dawa baki nayo.