Mjadala: Katiba ikinyamaza kuhusu haki fulani, jaji aseme au asubiri Bunge?

Mwanzisha mada, Arusha
Wakuu, mtaani kwetu kuna jalala linalochomwa karibu kila jioni. Nguo ukizianua zinanuka plastiki, na mtoto mwenye pumu analala madirisha yamezibwa kwa matambara. Niliposema twende mahakamani, jirani akanikatisha: Katiba ya 1977 haina ibara ya hewa safi, utamwonyesha jaji nini?

Nitamwonyesha ibara ya 14, haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walishapita njia hiyo katika shauri la Joseph Kessy la 1988. Jiji liliomba liongezewe muda wa kumwaga taka pale pale. Jaji Lugakingira akakataa, akasema kuwahatarishia watu afya ni kuigusa haki hiyo hiyo ya kuishi. Sioni kama alibuni kitu. Kwangu mimi haki isiyoandikwa ikubaliwe pale tu ambapo bila yake ile iliyoandikwa inabaki jina. Mnasemaje?

Mangi wa Kiborloni
Pole kwa moshi, mkuu, ila kipimo chako kinavutika kama mpira wa manati. Leo hewa, kesho jaji mwingine atalivuta neno "kuishi" hadi lifike kwenye mkopo wa chuo. Nani alimpigia kura? Marekani, mwaka 1973, Mahakama ya Juu iliona haki ya kutoa mimba ndani ya Katiba isiyoitaja kabisa. 2022 mahakama ile ile ikaifuta. Waliobadilika ni majaji.

Tena kwa jalala lenu huhitaji Katiba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inakupa haki ya mazingira safi. Wakenya wao wameiweka kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 42. Haki iandikwe, basi.

Mama Njiro
Mangi, hiyo ya 2004 imekuja miaka 16 baada ya shauri la Tabata. Wangekohoa mpaka Bunge likumbuke?

Na mahakama ikijiweka pembeni, nayo imeamua. Suala la mgombea binafsi, Mahakama ya Rufani 2010 ilisema ni la kisiasa, liende bungeni. Bunge ambalo wabunge wake wote wa majimbo wameingia kwa tiketi ya chama! (Hapo mimi huwa nacheka peke yangu.) Mchungaji Mtikila, aliyefungua shauri hilo, ikabidi aje hapa hapa Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, akashinda Juni 2013. Jina lake kwenye karatasi ya kura kama mgombea binafsi halikuwahi kuonekana.

Mwanzisha mada, Arusha
Asante dada. Mangi, la Marekani linauma, sikatai. Ila sheria ya 2004 Bunge linaweza kuibadili kwa wingi wa kawaida; kugusa ibara ya 14 kunataka theluthi mbili.

Na mkopo wa chuo usikutishe. Elimu iko ibara ya 11, na ibara ya 7(2) imesema wazi kwamba sehemu hiyo haitekelezwi na mahakama yoyote. Waandishi wa Katiba walipotaka kumfungia jaji mlango, waliufunga kwa maandishi. Nionyeshe walipoufunga kwenye ibara ya 14.