Tupeane uzoefu: neno gani la kutengwa au kutengana limekukaa moyoni mpaka leo?

Binti Mchicha: Jana kwenye daladala ya Gongo la Mboto kuna mama alikuwa anaongea na simu, akasema "dada mimi sijaachika, tumetengana tu", vijana wa siti ya nyuma wakacheka wakasema si yale yale. Sio yale yale jamani. Mama yangu amekaa miaka tisa kwenye hilo "tumetengana", baba yuko Mwanza, talaka hakuna, kurudi hakuna, na kila jioni mama alikuwa anatenga chakula, sahani ya baba anaifunika na kawa anaiweka juu ya kabati. Mi nikakua najua kutenga na kutengana ni kitu kimoja, yaani mtu mkitengana ndo unamtengea. Nimelala vibaya. Nyie je?

Mzee wa Hati: Hao vijana walikosea. Kutengana ndoa bado ipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mahakama kutoa amri ya kutengana na mkabaki mke na mume, kuachana kwenyewe ni talaka, na kabla hujaipeleka mahakamani unaanzia baraza la usuluhishi la ndoa. Binti, mwambie mama aende baraza, miaka tisa ni mingi, ajue haki yake ya mali.

Shangazi Kaja: Asiende popote. Keshazoea, mkamwamshie vidonda vya nini?

Kijana wa Makorora: Chakula cha baba mwisho wake nani alikuwa anakula?

Mkwezi: Mi langu ni kutengwa, na nisameheni nitaandika refu. Kijiji chetu kipo huko Muheza. Baba alikuwa mtu wa safari za mbao, miezi mitatu hayupo, mama anaumwa miguu, kwa hiyo misibani tukawa hatuonekani. Mara ya kwanza tukasemwa, mara ya pili ya tatu wakaitana kikao wakatuandika kwenye daftari kwamba nyumba hii imetengwa, na atakayetusalimia naye atatozwa faini. Hamjui ilivyo. Nafika bombani watu wanasogeza ndoo zao wanageuka, sio kwamba wananitukana, afadhali hata wangetukana. Mashine ya kusaga jamaa anaizima anasema mkanda umekatika, nikiondoka nasikia inaunguruma. Gengeni naweka hela mezani hela inabaki pale pale. Nilikuwa na miaka 14. Mdogo wangu wa kike akawa anasalimia mbuzi. Sasa mama akafa mwezi wa sita, mvua, baba yuko porini simu haipatikani. Nimepita nyumba hadi nyumba, hodi, hodi, watu wamo ndani taa naziona, kimya. Kaburi nimechimba mimi na bamdogo aliyetoka Korogwe na dereva wa ile Noah aliyemleta, mtu wa watu hata hatumjui, alivua shati akashika jembe. Maiti tumebeba watu watatu, upande mmoja ukawa unainama. Kanga ya mama ikagusa tope. Nikikumbuka hiyo kanga mpaka leo mkono unakufa ganzi. Usiku ule jirani wa nyuma, mwanamke aliyekuwa na ugomvi na mama wa miaka, alipita kwenye migomba akatoa sufuria akasema kwa kunong'ona "nimewatengea ubwabwa". Mtu ametengwa, halafu ametengewa.

Mama Wawili: Pole sana mdogo wangu. Nalia ofisini.

Kijana wa Makorora: Mkwezi, hiyo kanga nimeiona. Pole kaka.

Chui Mpole: Ila tuseme ukweli, msiba ni wa wote. Ukikacha ya wenzako unategemea nani akuzike?

Mkwezi: Mtoto wa miaka 14 amekacha nini?

Mama Wawili: Chui futa hayo maneno. Mama alikuwa anaumwa miguu, hujasoma?

Chui Mpole: Nimesoma. Mtoto hana kosa, hapo nimekosea, samahani Mkwezi. Kwa watu wazima msimamo wangu ni ule ule.

Nuru wa Tumaini: Mnaongelea vijiji, mi nimeona mjini Tanga mjane kafungiwa ndani miezi, wanamwita kizuka kama jini. Hiyo nayo si kutengwa?

Bi Kitambi: Wewe Nuru shika adabu. Kizuka ni mjane aliyekaa eda, miezi minne na siku kumi, na kama ana mimba mpaka ajifungue. Mimi nimekaa. Watu wanaingia kwangu asubuhi hadi usiku, huyu ananisuka, yule ananipikia, nilikuwa natamani hata nusu saa ya kuwa peke yangu. Kutengwa hakuna mtu anayekuja. Kutawa ni wewe unayekaa, na watu wanakujia. Hata hao masista wenu mnaowaita watawa, neno ni hilo hilo.

Nuru wa Tumaini: Sikujua watawa linatoka huko. Samahani bibi.

Bi Kitambi: Haya. Lakini eda ilipoisha watu wakaacha kuja, hapo ndo nikaujua ukiwa. Upweke unaweza kuwa nao hata harusini. Ukiwa ni pale unaita jina la mtu kwa mazoea halafu unakumbuka.

Suka wa Zamani: Umemaliza bibi.

Mbeba Mizigo: Mi karantini. Machi 2020, wakati wa korona, nimetua toka nje, amri ikawa siku 14 hotelini na hela unalipa mwenyewe. Mke kaja na mtoto wamesimama chini ya dirisha, mtoto ananipungia, hajui kwa nini sishuki.

Mzee wa Hati: Karantini asili yake siku 40, meli zilizuiliwa Venice wakati wa tauni.

Mama Wawili: Kumbe kama mzazi, arobaini ndani.

Mbeba Mizigo: Mzazi anapelekewa mtori, mi nililetewa bili.

Dogo wa Nyali: Huku Mombasa tunasema wamesepareti, lakini linaloniumiza mimi ni kuchuniwa. Ndugu yangu yuko nyumba moja na mimi, mwaka wa pili hanijibu salamu, mlango mmoja, choo kimoja.

Shangazi Kaja: Mpikie pilau.

Chui Mpole: Mchunie na yeye.

Mkwezi: Msalimie hivyo hivyo kila siku. Hata asipojibu anasikia.

Binti Mchicha: Nilikuwa kazini, nimesoma yote. Mkwezi nakuombea. Kijana wa Makorora umeuliza sahani ya baba. Tulikuwa tunaila sisi asubuhi, mama anakipasha hicho kiporo, anatugawia na chai ya rangi, halafu anaiosha ile sahani peke yake, haichanganyi na nyingine.