Naomba ushauri: upatikanaji wa njia katika urasimishaji wa makazi
Ndugu wanajamvi, mimi ni afisa mipango miji, na kwa sasa nashiriki urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima viwanja katika eneo lililojengwa bila mpango, katika mtaa mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, ambako nyumba zimebanana kiasi kwamba gari la zimamoto haliwezi kuingia. Tumefanya mikutano ya mtaa, na wengi wamekubali kuachia sehemu ya viwanja vyao ili njia ipatikane. Wenye viwanja vidogo wanakataa, na kwa kweli naona wana hoja, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua fidia kamili, ya haki na ya haraka, ilhali mradi hauna fedha hizo. Je, mliopitia kazi hii mliwashawishije wenye viwanja vikubwa wachangie zaidi? Na pale pasipowezekana kabisa, mchoro wa mipango miji wenye njia ya miguu pekee huidhinishwa?