Mbavu za bawa: fito inapasuka puani, plaiwudi inabanduka

Randa_na_Msasa
Wakuu, habari za kazi. Naunda mbavu za bawa la Pietenpol Air Camper, ndege ndogo ya kujiundia: fito za sprusi za robo inchi kwa nusu inchi, viungo vimeshikwa na vipande vya plaiwudi ya birchi pande zote mbili, gundi ni epoksi ya T-88. Fito ya juu inapasuka inapojikunja kuelekea puani, yaani ncha ya mbele ya ubavu. Na ubavu ukitoka kwenye kalibu, vipande vya puani nikivisukuma kwa kidole gumba vinabanduka vizima, upande wa gundi unang'aa kama kioo. Nakosea wapi?

FundiMbao
Anza na nyuzi za mbao. Zisikengeuke zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 15 za urefu, na pete za ukuaji wa mti zisipungue 6 kwa inchi. Fito yenye nyuzi zinazotokea pembeni mwake itapasuka hata uichemshe vipi.

Ikiwa nyuzi ni safi, loweka ncha ya mbele tu kwenye maji ya moto, kisha ikunje kwenye kalibu ya pembeni yenye mkunjo mkali kidogo kuliko unaoutaka, maana ikiachiwa hurudi nyuma. Iache humo mpaka ikauke kabisa. Nadhani hapa ndipo penye jibu la swali lako la pili pia: ukiipaka gundi ikiwa bado na unyevu, kiungo kinakuwa dhaifu, na wewe unabandukiwa puani tu.

Kalibu77
Naongezea. Huo mng'ao una maana kwamba gundi haikuuma mbao. Uso wa plaiwudi ya birchi hutoka kiwandani umelainishwa kwa mashine. Upitishe msasa mwepesi, ufute vumbi. Na kalibu umeifunika kwa kitu gani? Kama ni nta ya mshumaa, iondoe, weka nailoni. Nta ikigusa fito, epoksi haishiki.

T-88 ni nusu kwa nusu kwa ujazo. Ukitumia mizani, gramu 100 za resini kwa gramu 83 za kigumushi. Paka nyuso zote mbili, na usikaze jiriwa kupita kiasi: epoksi si resosinoli, ile gundi inayotaka kubanwa sana; epoksi ukiibana sana inakimbia yote nje, kiungo kinabaki kikavu. Misumari midogo inatosha kushikilia. Kazi yake inaisha gundi ikikauka.

FundiMbao
Kweli kabisa. Kila ukikoroga gundi, gundisha na vipande viwili vya mabaki. Kesho yake vipasue kwa patasi. Ikivunjika mbao, endelea. Ikiachia gundi, mbavu zote za mkorogo huo zitupe.

Randa_na_Msasa
Ni nta, nilipaka kalibu nzima. Na fito nilizipa usiku mmoja tu kukauka. Mbavu 4 za mwanzo nazitupa, naanza upya na nailoni. Shukrani sana.