Sanduku la marehemu mzee: lende chuo kikuu au libaki nyumbani?

Kalamu ya Mwanzi: Familia nyingi za pwani zinalo hili. Sanduku lina daftari la hesabu za jahazi, barua, wasia, na tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Chuo kikuu kinaziomba. Wengine wanasema peleka, wengine wanasema ukipeleka umezika. Semeni.

Shoga wa Mkunazini: Umezika. Karatasi za W. E. Taylor, yule mmisionari aliyekusanya mashairi ya Muyaka, malenga wa zamani, pale Mombasa akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, ziko London. Mtu wa Mvita akitaka kumwona Muyaka kwa maandishi ya zamani, aombe viza.

Boksi la Saba: Bibie, miswada ile mingi imeshaskaniwa, viza ya nini? Na hapa swali ni chuo cha nyumbani, si London. Karatasi za mtafiti Hans Cory ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha ya miswada na kanda za sauti aliyoitengeneza mtaalamu wa Kiswahili J. W. T. Allen kwa maktaba hiyo hiyo ilichapishwa mwaka 1970. Bila orodha hiyo nusu yetu tusingejua kuna nini. Nyumbani karatasi zimo ndani ya mfuko wa rambo juu ya kabati, zimetupiwa vidonge vya nondo, na kila mgeni anazishika kwa vidole vya pilau. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65, kuvu inaota. Pwani unapita hapo bila kuomba ruhusa.

Shoga wa Mkunazini: Pilau! Nani kala pilau juu ya mswada? Karatasi zimekaa vizazi vitatu hata chuo chenyewe hakijajengwa, leo tunaitwa wachafu. Nyie mnaovaa glavu nyeupe ili mpigwe picha.

Boksi la Saba: Glavu ni kinga.

Mzee Kikoi: Glavu za pamba kwa karatasi ni kosa, ndugu yangu, na ni kosa la siku nyingi. Kidole kikishafunikwa hakihisi ukingo wa karatasi, unafunua kurasa mbili pamoja, ukingo unachanika. Nyuzi zake zinanasa kwenye wino uliobanduka. Osha mikono kwa sabuni, ikauke kabisa, usipake losheni, basi. Glavu vaa ukishika picha na negativu, tena zile za mpira wa nitrili, kwa sababu chumvi ya jasho inaacha alama ya kidole isiyotoka.

Shoga wa Mkunazini: Asante, mzee wangu. Boksi la Saba umesikia?

Boksi la Saba: Nimesikia. Hata hiyo sabuni inatoa mafuta ya pilau, kwa hiyo hoja yangu iko palepale.

Mchwa Mkuu: 😂 Mada imeliwa.

Faili Jekundu: Tuache mikono. Hivyo vidonge vya nondo vina kosa gani? Bibi zetu wote wametumia.

Mzee Kikoi: Naftalini inafukuza baadhi ya wadudu, mayai inayaacha, na mvuke wake anauvuta atakayefungua sanduku. Kama kuna wadudu hai, funga kitabu ndani ya mfuko mzito wa plastiki, toa hewa, ziba vizuri, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue! Acha saa 24 ndani ya mfuko wake. Jasho la baridi litatoka nje ya plastiki badala ya kutua juu ya wino. Wengi wanaharibu hapo hapo mwishoni. Wino wa masizi na gundi haupauki kwa jua, ila tone moja la maji linaufanya tope.

Faili Jekundu: Friza yenye samaki?

Mzee Kikoi: Samaki watoe, bwana.

Mchwa Mkuu: Nikiongeza la wataalamu: kiyoyozi kinachowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi ni kibaya kuliko feni inayozunguka usiku kucha. Karatasi imepoa, usiku hewa nzito inaingia, maji yanatua juu yake. Bajeti ya umeme ikikatwa, chuo hakina tofauti na hilo kabati. Angalau kabati halijiiti hifadhi.

Boksi la Saba: Hayo ni kweli kwa chumba kibovu. Si hoja dhidi ya chuo.

Shoga wa Mkunazini: Ehee, sasa imekuwa "chumba kibovu". Cha kwetu kilikuwa uchafu.

Kalamu ya Mwanzi: Jamani, swali langu.

Faili Jekundu: Swali lako linajibiwa na karatasi moja: mkataba. Zawadi ni kutoa moja kwa moja, amana ni kuweka mali ikabaki yako. Wengi wanasaini zawadi wakidhani ni amana. Kabla ya kalamu kugusa, uliza: nakala zisizotakiwa zinarudi kwetu au zinatupwa? Zifungwe, wasomaji wasizione, miaka mingapi? Nakala ya kidijitali tunapata lini, na ya namna gani? Ukurasa wa A4 wa rangi kwa dpi 400 (nukta 400 kwa inchi), faili la picha la TIFF lisilobanwa, ni kama MB 46. Kurasa 500 ni GB 23, zinaingia kwenye flashi. Wakikutumia kwa WhatsApp hawajakupa nakala, wamekupa kivuli.

Mchwa Mkuu: Kufunga ni miaka 30, sheria ya nyaraka ya Tanzania ya mwaka 2002.

Faili Jekundu: Hiyo 30 ni ya nyaraka za serikali. Za mtu binafsi ni makubaliano. Na barua alizopokea mzee, karatasi ni yake, lakini hakimiliki ya maneno ni ya aliyeandika, uhai wake na miaka 50 juu yake. Familia haiwezi kutoa ruhusa ya kuchapisha barua za watu wengine, hata isaini kwa wino wa dhahabu.

Shoga wa Mkunazini: Sawa, mmesaini. Kisha anazipokea asiyezijua herufi. Katalogi inaandika "kitabu cha dini, Kiarabu", kumbe ni utenzi wa Kiswahili. Kwa maandishi ya zamani, herufi moja, ba, inabeba b, p na mb, kwa hiyo baba, papa na pamba zinaweza kufanana. Asiyejua lugha atasoma nini? Halafu anapiga namba za kurasa kutoka kushoto.

Boksi la Saba: Hilo nakubali, nalo linauma. Dawa yake iko ndani ya mswada wenyewe. Ukiufunua, tazama chini ya ukurasa wa kulia, pembe ya kushoto. Mara nyingi kuna neno limeandikwa kwa mshazari, nalo ndilo linaloanza ukurasa unaofuata. Fuata maneno hayo, hata kurasa zilizopukutika zinajipanga. Namba uandike baadaye, kwa penseli laini, si kwa bairo.

Shoga wa Mkunazini: Hayo yote yanafanyika mezani kwetu pia. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, iliskaniwa na asili zake hazikuondoka Lamu.

Mzee Kikoi: Na pini zilizooza kutu msizivute. Ingiza kipande cha plastiki nyembamba chini ya miguu ya pini, inua kwa kitu butu, mguu mmoja mmoja. Mpangilio wa mzee msiuguse: kama aliweka risiti ndani ya utenzi, andika ni ukurasa gani.

Boksi la Saba: Hata kama ni risiti ya mchele wa pilau?

Shoga wa Mkunazini: Hiyo hasa. Itatuambia kilo ilikuwa bei gani.