Koti la baridi: zipu au vifungo?

MwanaMakorora
Habari za jioni wadau. Jumamosi napeleka kitambaa kwa fundi, nishonewe koti moja na mashati mawili, yapande Lushoto kabla ya mwezi wa saba. Fundi ananiuliza mbele aweke zipu au vifungo. Kipi kinadumu?

FundiNgamiani
Kitambaa gani? Koti lina bitana? Nani atavaa? Bila hayo tunapiga ramli. Mashati usiumize kichwa, weka vifungo. Pamba ikifuliwa inarudi, zipu hairudi, basi mbele panajikunja na hapanyooki hata kwa pasi ya moto.

BintiPangani
Zipu ya plastiki, mwenzangu. Baridi ya Lushoto inapenya katikati ya vifungo.

Kibaharia
Plastiki sawa, ila zipu ya chuma sitaki hata kuiona. Koti langu lilikaa mwaka mzima limening'inia Raskazone, dirisha linatazama bahari. Nikapanda nalo Lushoto, tukafika usiku mvua inanyesha. Nikavuta zipu, ikagoma katikati ya kifua. Kumbe chumvi imeshakula kichwa chake, kina kutu ya rangi ya chai. Nikavuta kwa nguvu: chini meno yakaachana, juu yamebana. Mwenyeji wangu akasugua mshumaa, dawa anayotumia siku zote, wapi. Nimelala na koti mwilini. Asubuhi tukalikata kwa mkasi kuanzia shingoni. Sufu nzuri kabisa, na hadi leo naionea uchungu.

FundiNgamiani
Pole kaka. Mshumaa unalainisha zipu kavu, kutu hauiwezi. Mwenye mada yuko wapi?

MwanaMakorora
Samahanini, nilikuwa jikoni. Sufu nzito, bitana ipo. Mvaaji ni mama yangu. Mwaka jana alipata kiharusi, mkono wa kushoto haukazi. Anahamia kwa dada.

FundiNgamiani
Hilo ungelisema mwanzo, dada yangu. Zipu ya koti, ile inayoachana mpaka chini, inataka mikono miwili: mmoja ushike kile kisanduku cha chini, mwingine uchomeke. Jaribu sasa hivi kwa mkono mmoja uone. Mwekee vifungo vinne vikubwa, milimita 25. Tundu liwe na urefu wa upana wa kifungo pamoja na unene wake, na kwenye koti lilale, lisisimame kama la shati. Kifungo kishonwe na shingo ya uzi kama milimita 4. Kikilala bapa juu ya sufu nzito, vidole havipati pa kukamatia. Halafu vifungo viwe kulia, matundu kushoto.

BintiPangani
Huo si ushonaji wa kiume? Mama wa watu avalishwe koti la kiume uzeeni! Weka velkro ndani, juu yake shona vifungo vya urembo. Anabandika kwa kiganja tu, kazi imekwisha.

FundiNgamiani
Mkono wake mzima ni wa kulia, ndiyo sababu. Nani atasimama kumkagua mama upande wa vifungo? Na velkro inanyofoa nyuzi za mtandio. Nimeshaletewa mitandio mingi nirekebishe.

BintiPangani
Watu wanakagua, fundi. Hata mimi nakagua.

Kibaharia
Na kanzu je? Ina vifungo viwili vitatu shingoni, na babu yangu kaivaa mpaka kufa kwake.

FundiNgamiani
Kanzu inapita kichwani. Mkono usiokaza utaunyanyuaje, kaka?

MwanaMakorora
Jamani, leo nimemjaribisha na koti la marehemu baba. Kafunga vitatu mwenyewe, polepole, kakataa nimsaidie. Cha juu karibu na kidevu kimemshinda, anasema hakioni.

FundiNgamiani
La baba vifungo viko kulia. Mjaribishe na la kike pia, ndipo tujue.

BintiPangani
Na hicho cha juu, velkro. Kipande kidogo tu hakitagusa mtandio.

FundiNgamiani
Shingoni ndiko mtandio uliko, dada!

MwanaMakorora
La kike sina hapa, huku nani ana koti? Aliye Makorora au Ngamiani aniazime hadi Ijumaa, nitalifuata mwenyewe.